Netiweki imejaa vijistari vinne lakini M-Pesa imegoma? Mlango wa mnara una foleni ya mashine

Uko Rangwe, kaunti ya Homa Bay. Umetoka Nairobi na basi la usiku, umefika kwa dani (nyanya, kwa wenye hawajui Kijaluo), umekula samaki ukashiba, na sasa ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Giza linaingia. Dani anakupa kazi moja tu: mlipie sola. Siku zake zimekwisha na kiboksi ukutani kimeanza kumulika taa nyekundu.

Kazi ndogo sana hiyo kwa mtu wa town. Unatoa simu, unaona vijistari vinne vya netiweki, unabonyeza *334# na kungoja. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu unaletewa ule ujumbe wa Kiingereza unaoujua, kwamba kuna tatizo la muunganisho au nambari uliyoweka si sahihi. Unarudia. Unarudia tena. Unatoka nje na kuinua simu juu kama mtu anayepiga picha mwezi. Vijistari bado ni vinne.

Tuseme mwishowe pesa imekwenda na ujumbe umeingia. Kiboksi bado hakijawaka. Dani anakutazama kwa ule upole wa kuuma, kama anayejiuliza elimu yote ile ilikwenda wapi.

Sasa, kama netiweki iko, mbona haiko?

Jibu ni kwamba vijistari vinakuambia kitu kimoja tu: mnara unasikika. Havikuambii kama mnara una nafasi. Kengele ya kanisa ukiwa Asumbi, hapo hapo Rangwe, unaweza kuisikia ukiwa mbali shambani, lakini haina maana kwamba ukifika utapata kiti. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, na kwa sababu tumezoea kuyaita yote "netiweki", tunalaumu mlima, mvua na simu ya kichina wakati shida iko mlangoni.

Hodi bila mwenyeji

Hebu tuingie kidogo jikoni. Simu yako, ikitaka kufanya jambo lolote, iwe ni kupiga, kutuma SMS au kufungua M-Pesa, kwanza inapiga hodi. Mnara ukisikia hodi hiyo unajibu karibu, unakupa chumba, unaingia. Shida ni kwamba mlangoni hakuna foleni. Hakuna anayejua mwenzake yuko. Kila simu inapiga hodi kwa wakati wake, na hodi mbili zikigongana mnara unasikia kelele tu, haujibu yeyote. Kila mmoja anarudi nyuma, anangoja kidogo, anajaribu tena.

Mtindo huu una historia tamu. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na tatizo la kuunganisha kompyuta zilizotawanyika visiwani kwa redio. Profesa Norman Abramson na wenzake wakaja na wazo la kivivu, na la akili sana: acha kila kompyuta iseme inapotaka, na isipojibiwa ingoje muda wa kubahatisha kisha iseme tena. Mfumo wakauita ALOHA, neno la salamu la watu wa huko. Yaani hodi yenyewe.

Hesabu ya ALOHA ndiyo inayokuumiza kwa dani. Kila mtu akisema atakavyo, njia inafanya kazi ya maana asilimia 18 tu ya muda, hata ufanyeje. Ukiwawekea watu mapigo ya saa, kwamba mnasema tu kengele ikilia, unafika asilimia 37 hivi. Simu zetu hutumia aina hiyo ya pili. Ukipita hapo, kila anayeongeza hodi anapunguza hodi zinazosikika. Ni kama soko la ng'ombe: wanunuzi watatu wakiita bei utawasikia, lakini mia wakiita pamoja hata wewe mwenye ng'ombe hujui umeambiwa nini.

Kiboksi cha sola ukutani, kama kina laini ndani, kwa kawaida kinazungumza kwa 2G. Simu ya kabambe ya dani pia. 2G ni GSM, teknolojia iliyoanza kutumika kibiashara Finland mwaka 1991, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Usiidharau. Vifaa vyake ni bei poa, inafika mbali na haili bateri sana. Ndiyo maana mashine zinaipenda.

Lakini angalia nyumba yenyewe ilivyo ndogo. Redio moja ya GSM pale mnarani ina upana wa kilohazi 200, na muda wake umekatwa vipande 8 vinavyopokezana. Kipande kimoja kinatangaza habari za mnara na kusikiliza hodi. Kingine kwa kawaida hutengwa kwa shughuli fupi fupi: SMS, huduma za USSD kama hiyo *334#, maandalizi ya simu kabla haijaita, na laini kujisajili kila inapowashwa au kuhamia eneo jipya. Vinavyobaki, sita, ndivyo vya kuongea.

Kile kipande cha shughuli fupi kina vyumba vinane. Wanane tu kwa wakati mmoja. Kila mgeni anakaa sekunde chache, tuseme nne. Hiyo ni shughuli 120 kwa dakika, ikiwa kila kitu kimeenda sawa na hakuna aliyegongana na mwenzake mlangoni. Mnara wa mjini una redio nyingi na vyumba vingi zaidi. Wa mashinani unaweza kuwa na redio moja au mbili kwa kila upande, kwa sababu ulipangwa enzi ambazo mpangaji alikuwa anahesabu watu.

Hakuwa anahesabu viboksi.

Majirani wasio na midomo

Ukitembea Rangwe leo, jaribu kuhesabu laini ambazo haziko mikononi mwa mtu. Sola za kulipa kidogo kidogo: M-KOPA walianza kuuza nchini 2012 na kifaa chao kilikuwa na laini ndani, kikiwasiliana na ofisi kujua kama umelipa. Pikipiki za mkopo, zile zenye kidude kilichofichwa mahali dereva hataki kufikiria, kinachomwambia mwenye deni boda imelala wapi. Kidhibiti mwendo cha matatu, kinachotakiwa kuripoti kasi kwa NTSA. Mita erevu ambazo Kenya Power imekuwa ikiwafungia wateja wa biashara. Pampu ya maji inayolipiwa kwa simu. Kituo cha hali ya hewa kwenye uwanja wa shule. Mamlaka ya Mawasiliano ikitoa takwimu zake za kila robo mwaka, laini za mashine zina safu yao peke yake, kama kabila jipya lililoingia kwenye sensa.

Kila kimoja kinatuma kitu kidogo sana. Habari ya kiboksi cha sola ni fupi kuliko meme unayoforwadi kabla ya kunywa chai. Hapa ndipo watu wengi, hata wale waliosomea kompyuta, hukosea hesabu. Wanasema: data ni kidogo, kwa hivyo mzigo ni mdogo. Lakini mlangoni hawapimi mzigo. Mwenye gunia na mwenye bahasha wote wanapiga hodi moja, wote wanashika chumba kimoja. Mashine mia tano zenye neno moja moja zinaweza kuziba mlango ambao vijana kumi wanaotazama video hawauzibi.

Na mashine zina jambo ambalo binadamu hana: zinafanana. Muulize baba yako kuhusu Michael Joseph, bosi wa kwanza wa Safaricom, aliyewahi kusema Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, pale alipotakiwa kueleza kwa nini laini zinajaa. Watu walikasirika, kisha wakaigeuza kuwa utani, na bado inataniwa hadi leo. Lakini hata hizo tabia za ajabu zilikuwa za watu: mmoja anachelewa, mwingine amesahau, mwingine hana kredi. Mashine haichelewi. Aliyeziprogramu alikaa ofisini Nairobi au Shenzhen, akaandika "ripoti kila siku saa sita kamili usiku", akaona ni nadhifu, akaenda kulala. Viboksi mia sita vya eneo moja vinaamka kwa sekunde ile ile. Kwa vyumba vinane vyetu, hata vingejipanga mstari kama watoto wa chekechea, vingechukua dakika tano. Havijipangi. Vinagongana, vinarudi, vinagongana tena, na vikiwa vimeandikwa vibaya vinarudi haraka zaidi kila vinapokosa jibu.

Mbaya zaidi ni pale stima inaporudi. Unakumbuka Ijumaa ile ya Agosti 25, 2023, nchi ilipoingia giza usiku? Tulikuwa tunazungumzia mishumaa na uwanja wa ndege. Lakini fikiria mnara ambao bateri zake zimeisha ukazimika. Ukiwaka tena, kila laini iliyo chini yake, ya mtu na ya mashine, inagundua kwa wakati mmoja kwamba nyumbani kumefunguliwa. Zote zinataka kujisajili. Zote zinapiga hodi. Kwa dakika kadhaa hapo mnara uko hewani, vijistari vimejaa, na hakuna anayepita.

Kama unadhani haya ni matatizo ya kwetu tu, ya nchi ambayo bado inajipanga, twende Japani. Oktoba 14, 2021, NTT Docomo, moja ya kampuni kubwa za simu duniani, ilikuwa inahamisha taarifa za mahali zilipo mashine zake kwenda kwenye mitambo mipya. Kazi ikaleta shida, wakaamua kurudi kwa mitambo ya zamani. Mashine kama 200,000 zikaambiwa zijisajili upya. Zikajisajili, zote kwa mkupuo. Msongamano ukatoka kwa mashine ukaingia kwa watu, simu na data zikasumbua nchi nzima, na ilichukua takriban saa 29 kabla ya mambo kutulia. Hakuna nyaya zilizokatwa, hakuna mnara ulioanguka. Ni hodi tu.

Tena si kwamba wataalamu hawakuliona likija. 3GPP, ndio wanaoandika kanuni za simu zinazofuatwa dunia nzima, walichapisha uchunguzi wao mwaka 2011. Walichukua 4G, ambayo mlango wake ni mpana kuliko wa 2G: ina hodi za aina 64, na kwa kawaida 54 kati ya hizo ni za umma, zilizobaki ni akiba ya simu zinazohamishwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Wakaweka mashine 30,000 chini ya mnara mmoja, zote zipige hodi ndani ya sekunde 10. Kwa hesabu zao, bila kizuizi chochote, chini ya theluthi moja ndizo zilifanikiwa kuingia. Kwa hivyo yule anayekuambia "tukihamia 4G shida itaisha" mwambie ataongeza upana wa mlango, sawa, lakini mlango bado ni mlango.

Usiku wa fomu 34A

Mpaka hapa unaweza kusema, basi dani akae gizani saa moja, si mwisho wa dunia. (Sema hivyo ukiwa mbali naye.) Lakini kuna usiku mmoja kila miaka mitano ambapo nchi nzima inangoja mashine zipite mlangoni, na Rangwe, kama eneobunge moja kati ya 290, iko kwenye mstari huo.

Kifaa cha KIEMS, kile kinachosoma kidole chako asubuhi, jioni hugeuka kuwa karani wa posta: kinapiga picha fomu 34A ya urais na kuituma kwa IEBC. Mwaka 2017 tume ilisema kabla ya uchaguzi kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 viko mahali ambapo mawimbi ya 3G na 4G hayafiki, na maafisa wangelazimika kusogea hadi yatakapopatikana. Kilichofuata unakijua. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais, na namna fomu zilivyopeperushwa ilikuwa katikati ya kesi. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, na vile ambavyo 3G haikufika vilitajwa kuwa 1,111; hivyo vikapewa vifaa vya setilaiti. Kwa kweli hiyo ni hatua kubwa, na safari hiyo fomu zilianza kumiminika kwenye tovuti ya umma usiku ule ule, mpaka mama mboga akawa anajumlisha kura mwenyewe.

Lakini soma tena hizo takwimu. Zote zinazungumzia kufika. Hakuna hata moja inayozungumzia kujaa. Ramani inayopakwa rangi kuonyesha mawimbi yamefika wapi ni ramani ya kengele ya kanisa. Haina habari ya viti.

Niwe mkweli hapa: vifaa vya KIEMS peke yake haviwezi kuziba mnara. Sheria inaruhusu wapiga kura wasiozidi 700 kwa kituo kimoja, kwa hivyo shule ya msingi yenye wapiga kura 3,000 ina vituo vitano ndani yake, yaani mashine tano. Tano si elfu thelathini. Tatizo ni nani mwingine yuko uwanjani saa hiyo. Kura za urais zinahesabiwa kwanza, na vituo vya shule moja humaliza karibu wakati mmoja, kwa hivyo fomu hutoka pamoja. Ikishabandikwa mlangoni, mawakala wa vyama wanaipiga picha. Waangalizi wanaipiga picha. Wewe unaipiga picha. Kila mtu anaituma WhatsApp, na picha zote zinapanda juu kuelekea mnarani, upande ambao kwa simu huwa mwembamba kuliko ule wa kushuka, kwa sababu simu yako ina nguvu ndogo kuliko mnara. Halafu shangazi yuko Mombasa anapiga video kuuliza "imekuwaje huko?" Katika kelele hiyo kuna mashine tano ambazo kazi yao ni ya Katiba, zikipiga hodi ile ile kama ya memes.

Na majaribio hayawezi kukuonyesha hili. Juni 2022 tume ilifanya zoezi la kupeperusha matokeo mbele ya umma kwa kutumia sehemu ndogo ya vituo, siku ya kawaida, umati ukiwa umekwenda shambani na kazini. Ukijaribu mlango wakati hakuna watu, utapita tu.

Hapa kuna kitu kizuri ambacho wengi hatukijui. Kila laini ina daraja. Daraja 0 hadi 9 ni za sisi watu wa kawaida, na kwa kawaida umepangiwa kwa bahati, kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba ya siri ya laini yako. Mnara ukizidiwa unaweza kutangaza: wa daraja 3 na 7, kwa sasa msipige hodi. Simu yako itatii kimya kimya, bila kukuambia. Daraja 11 hadi 15 ni za pekee: kuna la vyombo vya usalama, la huduma za umma kama maji na stima, la huduma za dharura, na la wafanyakazi wa kampuni ya simu yenyewe. Hao wanaweza kupita hata wengine wanapozuiwa.

Je, laini zilizo ndani ya KIEMS ziko daraja gani? Hilo linaulizika, na lina jibu moja fupi la namba. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Wewe utakayekuwa wakala, mwangalizi, mwanahabari au karani wa tume, una nafasi ya kuliuliza kwenye mikutano ya umma kabla ya siku hiyo, pamoja na swali la pili: kampuni za simu zitaongeza nafasi kwenye minara gani, na zitaiongeza kwa kuhesabu nini?

Kwa wewe unayeandika kodi

Kipande hiki ni cha yule anayesomea IT, au yuko pale kwenye vibanda vya wabunifu akiunganisha vipima-unyevu vya shamba na ana ndoto ya kuuza 10,000. Ogopa saa kamili. Kati ya "amka saa sita usiku" na "amka saa sita usiku, kisha ngoja sekunde yoyote kati ya 0 na 3,600" kuna mstari mmoja wa programu. Viboksi vyetu mia sita vikifuata mstari huo, ni hodi moja kila sekunde sita kwa wastani. Vyumba vinane vinawahudumia huku vikipiga miayo. Hakuna mnara mpya uliojengwa, hakuna leseni ya masafa iliyonunuliwa.

La pili ni adabu ya kushindwa. Pwani wana desturi: ukipiga hodi mara tatu hukuitikiwa, unarudi zako. Mashine nyingi hazijafundwa hivyo. Ikikosa jibu inajaribu tena mara moja, na tena, na tena, kama mtoto anayegonga choo. Ifundishe kungoja sekunde mbili, kisha nne, kisha nane, na kila mara iongeze kubahatisha kidogo. Wale wa Hawaii walilijua hili zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

La tatu, jiulize kama kifaa chako kinahitaji laini kabisa. Kuna sola za mkopo zisizo na laini: unalipa, unapokea tarakimu kwenye simu, unazibonyeza kwenye kifaa. Mita ya tokeni ya stima ni hivyo hivyo. Namba 20, wewe ndiye mtu wa posta, na mita yenyewe haijui hata kama kuna mnara duniani. Ina ubaya wake, bila shaka. Kabla ya Novemba 24, 2024 kila mwenye mita ya tokeni alitakiwa kubonyeza tarakimu za ziada ili mita isonge mbele kwenye hesabu ya wakati, na ukawasikia watu wakilalamika kuanzia Homa Bay hadi Kitengela. Kama mita zingekuwa na laini, kazi ingefanywa kwa hewa usiku mmoja. Lakini mamilioni ya mita, usiku mmoja? Mimi, ukiniuliza, ningebonyeza.

Zipo pia njia zilizobuniwa kwa ajili ya mashine peke yake. Kanuni za NB-IoT zilikamilishwa 2016, na zinakata kilohazi 180 tu za masafa na kuwapa wale wasio na haraka, wapige hodi huko kwao taratibu. Ni suluhisho zuri. Lakini kifaa cha zamani ukutani kwa dani hakiwezi kulitumia, na hakuna atakayekuja Rangwe kubadilisha viboksi nyumba kwa nyumba bure. 2G itaendelea kubeba mzigo huo, ikigawana vyumba vyake na SMS za mazishi na M-Pesa za karo.

Turudi basi pale nje, simu juu, vijistari vinne. Kila unapobonyeza *334# kwa hasira umeongeza hodi mlangoni, na jirani zako kumi wanafanya vivyo hivyo kwa sababu zao. Simu ikikataa, ishushe. Hesabu hadi ishirini, au salimia mtu. Kisha, kabla ya kutuma mara ya pili, angalia salio kwanza, kwa sababu mara nyingine pesa ilikwishapita na ni ujumbe wa kukujulisha ndio uliokwama nje. Na kama salio linaonyesha umelipa lakini kiboksi bado ni chekundu, usikizime na kukiwasha tena na tena. Kila ukikiwasha kinaanza kujisajili upya, kutoka mwisho wa watu wote. Kiache. Mwambie dani awashe koroboi kwa muda, na umwombe akusimulie kuhusu wakati ambapo simu ya karibu ilikuwa posta.